MPUNGA, NGANO NA MWANYA WA JUA: Historia ya Misimu na Nafaka Mbili kutoka Kasongo hadi Kisangani

1.0 Utangulizi

Katika masoko ya Kisangani nafaka moja ina majina mawili. Anayezungumza Kiswahili huiita mchele. Anayezungumza Kilingala huiita loso. Jina la kwanza lilifika kutoka juu, kwa njia ya mto Lualaba, likifuatana na misafara ya Wangwana na mabwana zao waliotoka pwani ya Afrika Mashariki. Jina la pili lilifika kutoka chini, likipanda na mto Kongo pamoja na askari, mabaharia na wachuuzi, na chimbuko lake ni neno la Kireno arroz. Majina hayo yalikutana mahali ambapo mto wenyewe hubadilika jina, penye maporomoko ya Boyoma. Ngano, kwa upande wake, haikupata makutano kama hayo. Kisangani inajulikana kama unga na kama mkate, wala haijulikani kama mmea. Wenyeji wengi wa mji huo wamekula mkate maisha yao yote bila kuona suke la ngano shambani.

Swali linaloulizwa hapa ni hili: kwa nini nafaka moja iliikubali safari hiyo na nyingine ikaikataa? Jibu la haraka ni kwamba mpunga hupenda mvua, na Kisangani ina mvua nyingi. Jibu hilo si la uwongo, ila halitoshi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya mpunga wa Kisangani haifahamiki kwa kuhesabu mvua peke yake. Sharti zihesabiwe pia siku chache za ukavu zinazopatikana baina ya mvua na mvua. Mkulima wa pwani huingoja mvua. Mkulima wa Kisangani huungoja mwanya wa jua. Waliokuwa na mamlaka juu yake, wakaisahau tofauti hiyo, mara nyingi walimtoza yeye deni lililokuwa la mawingu.

2.0 Nafaka iliyosafiri na nafaka iliyobaki njiani

Pwani ya Afrika Mashariki mwaka hupangwa na pepo. Kaskazi huvuma tangu mwezi wa Desemba hadi karibu na Machi. Ikikatika, huja masika, mvua kubwa ya Machi hadi Mei. Kisha kusi na baridi ya kipupwe. Na baadaye vuli, mvua ndogo ya Oktoba hadi Desemba. Mpunga hupandwa kwa kutazamia masika na kuvunwa mvua ikiisha. Kila neno katika orodha hiyo hueleza hali ya anga, na papo hapo humwambia mkulima kazi inayompasa.

Wafanyabiashara wa pwani walipoingia bara katika karne ya 19, walibeba mbegu pamoja na msamiati wake: mpunga ungali shambani au haujakobolewa, mchele ukishatwangwa, wali ukishapikwa. Tabora, iliyokuwa kituo kikubwa cha misafara, ina msimu mmoja wa mvua, tangu karibu Novemba hadi Aprili, na baada yake kiangazi kirefu chenye usiku wa baridi. Hapo Waarabu waliweza kulima mpunga wakati wa mvua, na wakati wa ukavu wakalima ngano kidogo kwa kumwagilia maji. Wasafiri wa Ulaya waliopita Unyanyembe katika miaka ya 1850 hadi 1870 waliikuta ngano hiyo na wakaitaja kwa furaha ya watu waliokuwa wameukosa mkate kwa muda mrefu.

Magharibi ya ziwa Tanganyika mambo yalibadilika. David Livingstone alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, mnamo Machi 1871, akaukuta mji wa wafanyabiashara wa pwani pamoja na soko kubwa la wenyeji. Mwezi wa Julai mwaka huohuo aliyashuhudia mauaji ya watu wengi katika soko hilo. Kasongo, mji wa Tippu Tip, ambaye jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ulikua na kuupita Nyangwe. Sidney Hinde, daktari aliyefuatana na jeshi la Dhanis lililouteka mji huo mnamo Aprili 1893, aliandika kwamba alipita katika shamba moja la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu akiwa juu ya mnyama wa kupanda. Shamba la ukubwa huo haliwezi kusifiwa bila kuuliza ni mikono ya nani iliyolifyeka. Ilikuwa mikono ya watumwa na ya watu waliotekwa, na mpunga wa Kasongo ni sehemu ya historia ya utumwa sawa na ilivyo pembe ya ndovu.

Ngano, hata hivyo, haikuendelea na msafara. Mmea huo unahitaji ubaridi unapokua na ukavu unapokomaa. Kadiri msafara ulivyoteremka kuelekea bonde la Kongo, ubaridi ulipungua na mvua iliongezeka, na katika joto lenye unyevu magonjwa ya kutu hushambulia majani na mabua ya ngano. Hivyo msafara ulioutoa mpunga pwani na kuufikisha Boyoma uliiacha ngano nyuma.

3.0 Misimu inayofifia

Kutoka Kasongo hadi Kisangani Lualaba hutiririka kuelekea kaskazini, na safari hiyo ni somo la misimu. Kasongo iko zaidi ya digrii 4 kusini ya ikweta. Huko kiangazi ni kiangazi kweli: miezi ya katikati ya mwaka hukauka, majani hukauka, na mkulima hufyeka na kuchoma bila wasiwasi, kisha hupanda mvua zinaporudi mnamo Septemba na Oktoba. Kindu, karibu digrii 3 kusini, kiangazi kimekwisha kufupika. Ubundu, karibu sana na ikweta, kimebaki kivuli chake. Kisangani, nusu digrii kaskazini ya ikweta, hakuna mwezi unaostahili kuitwa mkavu kwa kipimo cha wanajiografia. Mvua ya mwaka hukaribia milimita 1,800, joto la wastani ni karibu digrii 25, na tofauti baina ya mwezi wa joto na mwezi wa baridi ni ndogo kuliko tofauti baina ya mchana na usiku.

Isidhaniwe kuwa mvua hiyo ni ya namna moja mwaka mzima. Huwa na vilele viwili, kimoja mnamo Aprili na kingine mnamo Oktoba. Baina ya vilele hivyo mna mabonde mawili: bonde la Desemba hadi Februari, lililo refu zaidi, na bonde la Juni na Julai, lililo fupi. Ndani ya mabonde hayo mvua hupungua bila kukatika. Kaskazini zaidi, kwa mfano Bumba au Buta, bonde la mwanzo wa mwaka huzidi kuwa kavu, na mkulima wa huko hupata tena kiangazi, lakini katika miezi ambayo Kasongo iko chini ya mvua. Hivyo, katika nchi moja na kando ya mto mmoja, mpunga unaweza kuwa unavunwa mahali pamoja na kupandwa mahali pengine wakati uleule.

Msamiati wa pwani ulipofika katika mazingira haya ulikosa kitu cha kushika. Masika ni mvua inayofuata kukatika kwa kaskazi. Pasipo kaskazi, masika hupoteza mpaka wake. Katika mazungumzo ya kila siku watu wa Kisangani husema tu wakati wa mvua na wakati wa jua. Kilingala nacho hutumia neno moja, mbula, kwa maana ya mvua na kwa maana ya mwaka. Hata maneno matatu ya mpunga hayakubaki na mipaka ileile: katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo neno mchele hutumiwa mara nyingi hata kwa chakula kilichokwisha pikwa, mahali ambapo mtu wa Unguja angesema wali. Lugha ilifanya kama mbegu ilivyofanya: ilibaki na yaliyofaa, ikayalegeza mengine.

4.0 Mwaka wa shamba la msituni

Mpunga unaolimwa na wakulima wengi wa Tshopo, katika Isangi, Opala, Banalia, Ubundu na kwingineko, ni mpunga wa nchi kavu. Hausimami katika maji. Hupandwa juu ya ardhi iliyofyekwa katika msitu au katika vichaka vilivyoota mahali palipolimwa zamani. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza haihusiani na maji hata kidogo. Kazi ya kwanza ni moto.

Mnamo Desemba na Januari wanaume hukata vichaka, kisha huangusha miti mikubwa. Miti hiyo huachwa ikauke. Hapo ndipo mwanya wa jua unapokuwa na thamani kuliko mvua yoyote. Zikipatikana wiki tatu au nne za ukavu kabla ya mvua za Machi, moto huenea, majivu huirutubisha ardhi, na mbegu za magugu huungua. Mvua ikinyesha kila baada ya siku chache, magogo hubaki mabichi, moto huunguza majani tu, na mkulima hulazimika kukusanya mabaki katika mabiwi na kuyachoma moja moja. Mwaka wa namna hiyo shamba huwa dogo na magugu huwa mengi. Na kwa kuwa palizi ni kazi ya wanawake katika jamaa nyingi, ni wao wanaoulipia moto ulioshindwa.

Mbegu hupandwa Machi na Aprili, mara nyingi pamoja na muhogo, mahindi au ndizi, ambazo hubaki shambani mpunga ukishavunwa. Baada ya miezi mitatu hivi, mpunga huchanua, na kuchanua huko huangukia Juni, pale bonde fupi la mvua linapoanza. Ukavu wa siku kumi hivi katika wakati huo waweza kuharibu kazi ya miezi mitano, kwani suke hutoka likiwa limesimama wima bila uzito, na punje zake ni pepe tupu. Zikiponyoka punje, huja ndege, na watoto hushinda shambani kuamia. Mavuno ya Julai na Agosti hufanywa suke kwa suke, kwa kisu, na mara nyingi huingiliwa na mvua zinazorudi. Mpunga ukianikwa chini ya mawingu haukauki sawasawa: huota uvundo ghalani, au huvunjika kinuni ukawa chenga, na chenga haina bei sokoni.

Saizoni ya pili hugeuza kila kitu. Shamba lake husafishwa katika bonde fupi la Juni na Julai, ambapo muda wa kuchoma ni mchache, na kwa hiyo huwa dogo. Mbegu hupandwa Agosti au Septemba. Mpunga huchanua chini ya mvua kubwa za Oktoba na Novemba. Haukosi maji, lakini hukosa jua, na unyevu wa mfululizo huleta mabaka juu ya majani na kuulaza mmea chini. Kinyume chake, mavuno ya Desemba na Januari hukutana na bonde kavu la mwaka, na mpunga hukauka vizuri. Kwa muhtasari, saizoni ya kwanza ina moto mzuri na uanikaji mbaya; saizoni ya pili ina moto mbaya na uanikaji mzuri. Hakuna saizoni isiyo na hasara. Mkulima huchagua hasara anayoweza kuibeba.

5.0 Kalenda ya ofisi

Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, vilivyomaliza utawala wa mabwana wa pwani katika Lualaba, Dola Huru ya Kongo haikuufuta mpunga wao. Ilihitaji kulisha askari na wafanyakazi. Vijiji vya Wangwana vilivyobaki kandokando ya mto, Kisangani, Ubundu na Kirundu, viliendelea kulima, safari hii kwa ajili ya bwana mwingine. Reli ya Stanleyville hadi Ponthierville, yaani Kisangani hadi Ubundu, ilipokamilika mwaka 1906, mpunga wa juu ya maporomoko ulipata njia ya kushuka bila kubebwa vichwani.

Mwaka 1917 serikali ya Kibelgiji ilitoa amri ya kuwalazimisha wakulima kulima mazao iliyoyachagua. Sheria ya 1933 iliweka kikomo cha siku 60 za kazi hiyo kwa mwaka; mwaka 1942, kwa sababu ya vita, kikomo kilipandishwa hadi siku 120. Katika Jimbo la Mashariki mazao yaliyolazimishwa yalikuwa hasa pamba na mpunga, kufuatana na mahali. Afisa wa kilimo alikuja na kamba ya kupimia. Aliyepungukiwa alikabiliwa na faini au kifungo.

Ni hapa ambapo kalenda mbili ziligongana. Kamba ilipima urefu na upana wa shamba; haikupima idadi ya siku za jua zilizopatikana mwezi wa Februari. Mtu ambaye miti yake haikukauka alionekana sawa na mtu aliyekaa bila kufanya kazi. Neno la kifaransa la uvivu lilitumiwa kwa wepesi katika maandishi ya utawala wa nyakati zile, na sehemu ya uvivu huo, ikitazamwa kwa macho ya mkulima, ilikuwa mvua tu.

Haki inadai kusema pia kwamba si wote waliokuwa vipofu. Taasisi ya utafiti wa kilimo INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933 na kuwa na makao yake makubwa Yangambi, kilomita 100 hivi magharibi ya Kisangani, ilipima mvua na joto kwa miaka mingi. Kuanzia 1942 ilijaribu miongoni mwa Waturumbu mpango wa mashamba ya ujia: vipande virefu vya msitu, vyenye upana wa mita 100, vilivyopishanishwa na msitu uliopumzishwa. Ujia huo ulielekezwa mashariki na magharibi ili mimea ipate jua la kutosha. Hivyo wataalamu walilifikia kwa vipimo jambo ambalo wakulima walilijua kwa jasho: katika msitu huu kinachoadimika ni jua. Lakini mpango ulimfunga mkulima katika ujia aliopangiwa, na uhuru wa kuhama na kuchagua kichaka kinachokauka upesi ukapotea. Baada ya 1960 mpango huo haukudumu.

Yangambi iliacha urithi mwingine. Mbegu ya OS6, iliyochaguliwa huko kwa ajili ya kilimo cha nchi kavu, ilienea mbali na Kongo; Nijeria iliipokea na kuipa jina la FARO 11. Mbegu iliyozoea mawingu ya Tshopo ilikwenda kulisha watu wa Afrika Magharibi, na huenda watu hao hawakulisikia kamwe jina la Yangambi.

6.0 Mkate wa mbali

Ngano haikosekani kabisa katika mashariki ya Kongo. Katika nyanda za juu za Lubero, Kivu ya Kaskazini, wakulima wameilima tangu enzi ya ukoloni. Lubero na Kisangani ziko karibu katika mstari mmoja wa ikweta. Jua huzipitia zote mbili kwa namna ileile. Tofauti ni kimo. Kisangani iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari. Lubero iko karibu mita 2,000. Mlima humpa mkulima wa Lubero ubaridi ambao Tabora huupata kwa msimu. Ramani ya misimu, basi, haisomwi kutoka kaskazini kwenda kusini tu. Husomwa pia kutoka bondeni kwenda juu.

Hata hivyo ngano ya Lubero ni kidogo, na barabara ya kwenda Kisangani ni ndefu. Mkate wa Kisangani umetegemea zaidi unga unaotoka ng'ambo. Vita vilivyoanza mwaka 1998 viliikata njia ya mto baina ya Kinshasa na Kisangani kwa miaka kadhaa, na mapigano ya siku sita ya Juni 2000 baina ya majeshi ya Rwanda na Uganda yaliubomoa mji wenyewe. Katika miaka hiyo unga uliadimika, na mpunga wa Isangi, uliozoea kushuka hadi Kinshasa, ulikosa soko. Nafaka mbili zilifungwa na kufuli moja, moja nje na nyingine ndani. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano duniani kote, na kwa mara nyingine ikaonekana kwamba mkate wa Kisangani hupandishwa bei na matukio ya nchi za mbali, ilhali wali wake hupandishwa bei na mawingu ya Februari.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mpunga ulifika Kisangani kwa sababu uliweza kuachana na pepo za pwani na kujifunza kuishi baina ya mvua mbili, ngano haikuweza. Imeonyeshwa pia kwamba mvua nyingi si sawa na mavuno mengi. Mavuno ya Tshopo huamuliwa mara tatu: pa kuchoma, pa kuchanua na pa kuanika, na katika hatua mbili kati ya hizo tatu kinachohitajika ni jua.

Jambo hili halihusu wakati uliopita tu. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 mto Kongo ulifurika, na kufikia Januari 2024 kina chake Kinshasa kilikaribia kile cha mwaka 1961. Habari za mafuriko hutangazwa, na ni haki zitangazwe. Lakini Februari yenye mvua mfululizo haibomoi nyumba, wala haipigwi picha. Hupunguza tu ukubwa wa mashamba, kimyakimya, na njaa yake huonekana mwezi wa Agosti wakati hakuna tena anayekumbuka chanzo.

Hapa wanaisimu wana wajibu wao. Utabiri wa hali ya hewa ukitolewa kwa Kiswahili cha masika na vuli, utaeleweka Tanga na Unguja, na utampita mkulima wa Opala. Yeye hahitaji kuambiwa kwamba mvua itanyesha, hilo analijua. Anahitaji kuambiwa ni siku ngapi haitanyesha. Kiswahili kilichoshuka na Lualaba kina maneno ya kutosha kulisema jambo hilo, mradi waandikao wakubali kujifunza kwanza kutoka kwa wale wanaosimama kando ya miti iliyoangushwa, wakitazama juu.